Plagi Nne Nilizozing'arisha

Sisi tuliokulia Kasulu kabla ya lami tunatambuana kwa miguu. Ule udongo mwekundu uliingia kwenye nyufa za visigino vyetu na sehemu yake bado imo, hata kwa wale wanaokaa Dar es Salaam na kulipa watu wa kuwasugua. Mvua ikianza ilikuwa haina aibu. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka uwanja wa shule ukatoweka, na mwalimu wa zamu aliita majina bila kumwona mtu. Ungeweza kuitikia mara mbili, kwa jina lako na la rafiki yako aliyechelewa, mradi ubadilishe sauti. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi uliojazwa majani makavu ya mgomba. Tulirudi nyumbani kula ugali wa muhogo na maharage ya mawese, midomo ikabaki ya njano hadi kesho yake. Na kila mtoto wa kike alikuwa na kazi moja ambayo heshima ya mama yake iliitegemea: kusugua masufuria.

Nieleze kwa faida ya waliozaliwa juzi. Sufuria ilisuguliwa ndani na nje, hasa nje, kwa majivu, mchanga wa mtoni na kipande cha gunia, mpaka ukijitazama unayaona meno yako. Kisha masufuria yalipangwa juu ya uchanja, vitako vikielekea njiani, ili wanawake wanaokwenda sokoni wayaone na kupima malezi ya nyumba ile. Mimi, Adela, mtoto wa darasa la tatu, nilikuwa bingwa. Nasema hivyo bila haya kwa sababu sijawahi kuwa bingwa wa kitu kingine tena. Mama aliwaambia wageni, "Huyu akishika sufuria, hata sufuria inaogopa." Majuzi nilikwenda kwa mpwa wangu, nikamsugulia kikaango chake kimoja cheusi kwa nia njema kabisa, nusura alie. Kumbe siku hizi weusi unanunuliwa dukani.

Baba alikuwa na pikapu ya buluu. Ilibeba maharage na ndizi kutoka vijijini, siku nyingine ilifika hadi Manyovu mpakani, na Jumapili ilitubeba sisi kwenda kanisani, tumesimama nyuma na kuwapungia watu mikono kama viongozi. Pikapu ikinyamaza, nyumba nzima ilinyamaza. Hapo ndipo alipoitwa Fundi Yasini.

Fundi Yasini alikuwa mwembamba, mwenye kofia nyeupe ambayo sikuwahi kuiona na doa la grisi. Babu yake alikuja Kasulu na biashara kutoka pwani, na Kiswahili cha nyumba yao kilikuwa kimenyooka, wakati sisi Waha tulikivaa Kiswahili kama viatu vya shule na kukivua tukifika nyumbani. Hakugusa gari kabla ya kumsalimia kila mtu, pamoja na mtoto mchanga. Halafu alifungua boneti, akachomoa plagi. Hivi ni vile vidude vya ukubwa wa kidole gumba, vyenye shingo nyeupe na ncha ya chuma, vinavyotoa cheche ndani ya injini. Pikapu yetu ilikuwa na nne. Alizipanga juu ya gunia kwa mstari, ya kwanza ikiwa ile ya upande wa rejeta, akachuchumaa, akainua moja moja kuelekea juani na kuitazama ncha yake. Nyingine aliitikia kwa kichwa. Nyingine aliisonya. Mwishoni alizipiga brashi ya waya zikawa safi, akazirudisha mahali pake.

Nilikuwa nikimtazama kutoka kwenye uchanja wangu, na kwa akili yangu ya masufuria nilielewa kila kitu. Yule mtu alichukia uchafu. Plagi ikiwa na rangi ya chai ya maziwa alifurahi, ikiwa nyeusi alikasirika, halafu maskini akalazimika kuisugua mwenyewe, mtu mzima, mwanamume, kwa brashi ambayo mimi nisingeitumia hata kwa sufuria ya mbwa. Nilimwonea huruma sana. Nikaweka nadhiri kwamba siku moja nitamsaidia.

Siku yenyewe ikawa Ijumaa moja ya masika. Mama yake Baba, Bibi yetu, alikuwa akiishi Kibondo, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anatofautisha mchana na usiku, basi. Ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho wanakuja hospitali hapo Kasulu kwa siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili, na haijulikani watarudi lini. Baba hakuwa msemaji, lakini wiki ile alisema jambo moja kila siku, wakati wa kunawa, wakati wa kula, hata akiwa anafunga kamba za viatu: "Mama ataona." Mabasi yalikuwa hayapiti kwa sababu ya tope. Kwa hiyo tungeondoka na pikapu Ijumaa mchana, tulale Kibondo, Jumamosi tumlete Bibi moja kwa moja hospitali. Mimi ningekwenda ili nimshike mkono.

Shida ilikuwa kwamba pikapu ilianza kuishiwa nguvu mlimani na kutetemeka kama mtu mwenye homa. Maji nayo yalikuwa yanapungua, lakini rejeta lilikuwa na tundu la siku nyingi lililozibwa kwa sabuni ya mche, hivyo jambo hilo halikumshangaza mtu.

Fundi Yasini alikuja saa sita kasorobo, akaizungusha gari mtaani kidogo, akachomoa plagi na kuzipanga juu ya gunia. Kabla hajainua hata moja, ikaadhiniwa.

"Nikitoka msikitini namalizia, Baba Elia," alisema. Baba naye akachukua dumu, akaenda kutafuta petroli. Mama alikuwa ndani na mtoto. Nikabaki na plagi nne chafu na muda wa kutosha.

Kazi ile, nikiiangalia kama kazi, ilikuwa nzuri. Nilichekecha majivu laini kabisa. Nilitafuta kijiti cha kuingia kwenye nyufa. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa za kahawia, na zilinitoa jasho mpaka zikakubali. Ya tatu haikunipa taabu yoyote. Ilikuwa nyeupe na safi, kana kwamba kuna mtu mwenye tabia nzuri ameiosha kabla yangu, nikaipitisha tu kona ya kanga na kumshukuru huyo mtu. Nikazirudisha kwa mstari uleule, zikimeta, nikarudi nyuma hatua mbili nizitazame vizuri.

Kaka yangu Elia alikuwa darasa la saba, na kwa hiyo alijua kila kitu. Alipita pale akasimama ghafla.

"Umefanya nini?"

"Nimemsaidia fundi."

"Mama weee! Adela, umefuta! Pale ndipo fundi anaposoma!"

Akanieleza, huku akitazama njia. Rangi ya plagi ndiyo habari za injini. Ya kahawia, injini nzima. Nyeusi kavu, petroli inazidi. Nyeusi ya kuteleza, oili inapenya.

"Na nyeupe?" niliuliza.

Elia akafikiri. Hicho ndicho kitu pekee ambacho hakukijua mwaka ule wote. "Nyeupe ni safi tu," alisema. "Lakini sasa fundi akirudi hana cha kusoma. Baba hataondoa gari bila fundi kusema. Bibi atabaki kipofu kwa ajili yako."

Mtoto mwenye akili angengoja, akasema kweli, akachapwa, mambo yakaisha. Mimi nilikimbilia jikoni kuchukua koroboi. Niliiwasha, nikashika plagi moja moja juu ya ule moshi wake mzito, nikizigeuza kama mahindi ya kuchoma, mpaka zikawa nyeusi tii. Zote nne, kwa haki sawa, bila upendeleo. Elia alisimama mlangoni kulinda njia, na naomba hilo likumbukwe, kwa sababu siku hizi ni mzee wa kanisa na hupenda kusimulia kisa hiki kana kwamba alikuwa shuleni.

Fundi Yasini alirudi, akachuchumaa. Nilijibanza nyuma ya uchanja. Akainua ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akairudia ya kwanza. Akanusa, akakunja pua, akalaumu petroli ya madumu inayochanganywa na mafuta ya taa.

"Ajabu, bwana wee," alisema. "Zote nyeusi, zote kavu, zote sawasawa. Sijapata kuona injini yenye umoja namna hii."

"Ni mbaya?" Baba aliuliza.

"Ah, petroli inazidi. Kabureta tu hiyo. Naifunga kidogo, wewe nenda ukamlete mama."

Akapiga brashi plagi zangu, akazirudisha, akageuza skrubu, na gari ikawaka mara ya kwanza. Baba akacheka kwa sauti. Nami nikacheka, nikamshukuru Mungu kwa kuumba koroboi.

Tuliondoka saa nane mchana. Tulipita Makere salama, nikiwa nimeanza kuamini kwamba masizi ni dawa ya magari na kwamba pengine nimegundua kitu. Kilomita chache mbele, kwenye mlima, gari ikaanza kutetemeka. Mvuke ukatoka. Baba akashuka, akaongeza maji ya mtoni, tukangoja, tukaondoka, ikazima. Akaongeza tena. Mara ya tatu haikuwaka kabisa. Akafungua kabureta, akapuliza mirija ya petroli kwa mdomo, akatema, akakaza kila alichoweza kukaza. Alitafuta kila mahali isipokuwa mahali penyewe, kwa kuwa Yasini alikwisha kusoma na Yasini hakosei.

Nilikaa ndani ya gari nikiwa nimeshika chupa ya chai aliyotupatia Mama. Nilijiambia kwamba plagi na mlima ni vitu viwili tofauti. Nilijiambia kwamba mimi ni mtoto na magari ni mambo ya wakubwa. Wingu likaja juu yetu. Baba akasimama katikati ya barabara akatazama upande wa Kibondo, mikono yake ikiwa na grisi hadi kwenye viwiko, akasema peke yake, "Mama amekwisha kuoga, anangoja."

Hapo nikashuka.

"Baba, ya tatu ilikuwa safi."

"Ya tatu ipi?"

"Plagi. Ilikuwa safi kabla sijaisugua."

Aligeuka polepole. "Kabla hujafanya nini?"

Nikasema yote, kwa Kiha, maana Kiswahili kilinikimbia. Majivu, mchanga, kijiti, Elia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na ule weusi ulitoka wapi?"

"Koroboi."

"Koroboi," alirudia, taratibu, kama mtu anayejifunza neno geni.

Akachukua spana, akachomoa plagi ya tatu. Nchani ilikuwa nyeupe, na tone la maji limening'inia. Gasketi ilikuwa imekatika, maji ya rejeta yalikuwa yakiingia ndani ya injini na kuiosha plagi ile kila siku. Huyo ndiye mtu mwenye tabia nzuri niliyemshukuru. Baba akaitazama, mabega yakaanza kumtikisika. "Injini yenye umoja!" alisema, akacheka mpaka akashika boneti asianguke. Nami nikaanza kucheka kwa matumaini. Halafu kicheko chake kikakatika. Akasema, "Mama yangu," akakaa chini kwenye tope, na suruali yake ya safari. Sikuwa nimewahi kumwona baba yangu amekaa chini barabarani. Hakunichapa, na ningetoa chochote anichape.

Tulilala Makere kwa rafiki yake. Kesho yake lori la maharage likatuvuta kurudi Kasulu, polepole, tukikwama na kukwamuliwa, na Jumapili mchana madaktari wakafunga masanduku yao wakaondoka. Tukiwa bado kwenye kamba ya lori, Baba alisema bila kunitazama: "Bibi yako nitamwambia gari liliharibika. Hayo mengine utamwambia wewe, kwa mdomo wako." Nikasema ndiyo, Baba.

Fundi Yasini alipoambiwa hakujali sana gari. Kilichomuuma ni kudanganywa na darasa la tatu. Aliniita, akanikalisha mbele ya gunia. "Leo utasoma, mwanangu," alisema, akanishikisha plagi moja baada ya nyingine mpaka nikaweza kuzitaja nimefumba macho na kufumbua. "Hii nyeupe iliyooshwa ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Ukiiona hii, usimshukuru mtu." Baada ya hapo niliugua usomaji. Nilisoma ndimi za wadogo zangu, nikasoma vitako vya vyungu, nikatangaza shuleni kwamba meno ya mwalimu wetu wa hesabu yanaonyesha oili inapenya. Kwa hilo nilichapwa, na mwalimu.

Gasketi ilipopatikana, wiki kadhaa baadaye, Baba alimleta Bibi kwetu Kasulu angojee madaktari hapohapo. Alingoja mwaka mzima. Mimi ndiye niliyemshika mkono kwenda chooni, kwenda kanisani, kwenda kuota jua nyuma ya nyumba. Asubuhi nikimwambia "Mwakeye, Bibi," alinyoosha mkono akaupapasa uso wangu kwanza, ndipo akajibu. Aliniuliza ukungu umefika wapi leo, maharage yametoa maua ya rangi gani. Akija mgeni alinigonga kichwani na kusema, "Haya ndiyo macho yangu." Na kila siku nilipanga kumwambia. Nitamwambia akimaliza uji. Nitamwambia maharage yakivunwa. Nitamwambia akipona mafua, maana mgonjwa haambiwi mambo kama hayo. Mwaka una siku nyingi, nami nilipata sababu ya kila moja.

Siku hizi nina gari langu, na mwezi uliopita taa ya injini iliwaka. Nikaenda kwa kijana mmoja mwenye gereji hapa Kasulu, nikamwambia kwa majivuno, "Nitolee plagi nizisome." Alinitazama kama niliyemwomba anikamulie gari maziwa.

"Bi mkubwa, hizo za kizamani hizo. Hapa mashine inasoma fasta tu. Taa imewaka lini?"

"Jana," nilisema.

Akachomeka kidude chake chini ya usukani, akatazama simu. "Wiki tatu," alisema, bila hata ukali.

Ndivyo walivyo watoto hawa. Hawachuchumai, hawajui rangi ya chai ya maziwa ikiwa kwenye ncha ya chuma, hawasalimii hata mtoto mchanga, na gari lao linamchongea mwenye gari mbele za watu. Nilikasirika njia nzima. Natamani kumwona tena Fundi Yasini ameinua plagi kuelekea juani, nyumba nzima ikingoja neno lake. Lakini siwezi kuwadanganya ninyi wa rika langu. Kile kidude kingekuwepo Ijumaa ile, masizi yangu yasingemdanganya mtu, na Bibi angeona mwaka mmoja mapema. Mwaka mmoja ni mwingi kwa mtu mzee. Najua, kwa kuwa sasa ninaukaribia umri wake.

Madaktari walirudi masika yaliyofuata. Siku Bibi alipofunguliwa bandeji nilisimama mbele ya kitanda, maneno yangu nimeyakariri tangu alfajiri, kuanzia majivu hadi koroboi. Baba alikuwa mlangoni. Bibi akapepesa, akanitazama kwa muda mrefu, uso ambao alikuwa akiujua kwa vidole tu, kisha akanishika mikono yote miwili.

"Kumbe ndiwe huyu," alisema. "Mwana wanje, mwanangu. Mwaka mzima hukunichoka. Mungu akulipe kwa yote uliyonitendea."

Baba alinitazama, akangoja.

"Amina," nikasema.